Baka, Waa na Alama ya Kuzaliwa: Historia ya Majina na Fikra

Mtu akiwa na doa jeusi shavuni ambalo halikuletwa na jeraha wala maradhi, Mswahili husema kwamba ana baka. Na asiposema baka atasema waa, au doa, au alama. Maneno haya manne hayalingani sawasawa. Baka lina upana ndani yake: ndilo neno la ngozi ya chui na la paka wa rangi mbili, na kwa hiyo hulifaa zaidi doa lililotanda kuliko lile lililo dogo kama punje. Waa na doa hukaa juu ya nguo kama yakaavyo juu ya mwili, tena hukaa juu ya jina la mtu. Anayesemwa kuwa hana waa hasifiwi ngozi bali mwenendo. Alama imetoka katika Kiarabu, na maana yake ni pana mno hata haielezi kitu mpaka iongezwe maneno mengine, ndipo tupatapo “alama ya kuzaliwa”. Kando ya maneno hayo yako majirani yasiyopasa kuchanganywa nayo: chunjua, ambayo huota na kuinuka; sugu, ambayo ni ngozi iliyokazwa na kazi; na kovu, ambalo daima lina kisa chake.

Hakuna hata moja katika maneno hayo manne lisemalo doa limetoka wapi. Hata “alama ya kuzaliwa” hutaja wakati tu, haitaji sababu. Lugha nyingine hazikunyamaza hivyo. Mwarabu huliita doa la kuzaliwa “wahma”, nalo ni neno la mzizi mmoja na “waham”, yaani ile hamu kali ya chakula inayomshika mwanamke mwenye mimba. Mfaransa husema “envie”, Mtaliano “voglia”, Mhispania “antojo”. Na maana ya kwanza ya kila moja ya maneno haya matatu ni tamaa au uchu. Mjerumani ana “Muttermal”, Mholanzi ana “moedervlek”, yaani alama ya mama na doa la mama. Watu waliotengwa kwa bahari na dini wamekubaliana katika jambo moja, kwamba doa la mtoto limeandikwa na mama yake. Na baadhi yao wakaongeza kwamba wino ulikuwa ni tamaa.

Yako majina ya tabia nyingine pia. Katika Kihindi na Kigujarati doa dogo jeusi huitwa kwa jina lile lile la punje ya ufuta, nayo ni tashibihi safi ya macho, isiyomshitaki mtu yeyote. Wafaransa wa karne ya 17 na ya 18, walipokuwa wakijibandika vipande vidogo vya hariri nyeusi usoni ili weupe wa ngozi uonekane zaidi, waliviita “mouches”, yaani nzi. Kiswahili kiko upande huu wa wanaotazama, si upande wa wanaoshitaki. Nacho kimechukua katika Kiarabu maneno mengi ya mwili na magonjwa, kama homa, tauni na saratani, lakini wahma halikupata makao katika usemi wetu wa kila siku. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba neno lisipokuwapo imani nayo haipo. Lugha ni ghala, si mizani. Kitu kukosekana ghalani si dalili kwamba hakijapata kupita sokoni. Lakini hapana budi tuijue historia ya imani hiyo, maana imewagharimu watu, na hasa wanawake.

Mwanzo wake katika vitabu ni wa zamani. Katika maandiko ya Kiyunani yaliyokusanywa chini ya jina la Hippocrates, risala moja inasema kwamba mwanamke mwenye mimba akitamani kula udongo au makaa, na akavila, mtoto atazaliwa na alama kichwani itokanayo na vitu hivyo. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 30, Yakobo anawawekea kondoo na mbuzi fito zilizobanduliwa maganda mahali pa kunywea maji, nao wanazaa wana wenye madoadoa. Hapa si tamaa tena bali ni jicho: kile anachokiona mama hupita na kujichora juu ya mwana. Tuziweke mbali njia hizi mbili, maana lawama zake hazifanani. Ikiwa doa limeletwa na hofu au na kutazama, mwenye kosa ni mama aliyetazama. Ikiwa limeletwa na tamaa iliyonyimwa, lawama yaweza kugeuka na kumwelekea mume na jamaa walioshindwa kumtafutia mja mzito kile alichokitamani. Huenda hii ndiyo sababu mojawapo iliyoifanya imani ya tamaa idumu kuliko ile nyingine: ilimpa mwanamke haki kidogo ya kudai katika miezi ambayo alihitaji sana kutunzwa. Hilo ni wazo langu, na msomaji aweza kulikataa.

Wanafalsafa nao hawakuidharau habari hiyo. Nicolas Malebranche, katika kitabu chake kikubwa juu ya kuitafuta kweli kilichoanza kutoka mwaka wa 1674, alisimulia habari za mwanamke aliyetazama mno picha ya mtakatifu akazaa mtoto aliyefanana nayo, akaieleza kwa mfululizo wa mwendo wa ubongo wa mama hadi ubongo wa mwana. Mwaka wa 1714 tabibu wa London, Daniel Turner, alitoa kitabu cha maradhi ya ngozi, na ndani yake akatenga sura nzima kuonyesha kwamba madoa ya watoto hutokana na nguvu ya mawazo ya mama. Kisha ikatokea kashfa. Mwaka wa 1726, katika mji wa Godalming nchini Uingereza, Mary Toft, mwanamke maskini, alitangaza kwamba amezaa sungura, kwa kuwa alikuwa akiwatamani tangu alipowaona shambani. Waganga wakubwa, pamoja na mmoja wa wapasuaji wa mfalme, walimsadiki; na mwezi wa Desemba mwaka huo huo akakiri kwamba ilikuwa hila. Watu wengi hukisimulia kisa hiki kwa kucheka. Mimi naona kina uzito wa namna nyingine: hila yenyewe isingeweza kusimama hata siku moja kama wataalamu wasingekuwa wamekwisha kuiandalia nadharia.

Mwaka uliofuata, yaani 1727, James Blondel, naye akiwa tabibu wa London, alichapisha kitabu cha kuipinga nadharia hiyo, mwanzoni bila ya kulitaja jina lake. Hoja yake ilikuwa na pande mbili. Upande wa kwanza ni wa hesabu: wanawake wasiohesabika hutamani na kuogopa wakati wa mimba, na watoto wao huzaliwa bila ya doa. Upande wa pili ni wa maumbile: hakuna njia ya mishipa ya fahamu kati ya mama na mwana ambayo wazo laweza kupita. Turner alijibu, Blondel akajibu tena, na mabishano yakaendelea kwa miaka. Blondel alikuwa na haki. Lakini alikuwa na haki ya mtu anayebomoa tu, hakuwa na jambo la kuweka mahali pa lile aliloliondoa, na mama aliyemwuliza tabibu “basi limetoka wapi?” hakupata jibu. Fikra isiyopewa mrithi haifi upesi, nayo hii iliendelea kuandikwa katika majarida ya tiba hadi karne ya 19.

Wakati huohuo palikuwa na elimu nyingine isiyouliza doa limetoka wapi bali linasema nini. Mabamba ya udongo ya Babeli na Ashuru yana mfululizo wa bishara za madoa ya mwili: likiwa mahali hapa, jambo hili, likiwa pale, lile. Wayunani walikuwa na risala ndogo iliyohusishwa na jina la Melampus, na Waarabu waliyaingiza madoa katika elimu ya firasa, ambayo Fakhr al-Din al-Razi, aliyefariki katika mwanzo wa karne ya 13, aliiandikia kitabu. Ulaya iliyapokea hayo yote: Richard Saunders alitoa chake London mwaka wa 1653, na kitabu cha Girolamo Cardano juu ya mistari ya paji la uso kilichapishwa Paris mwaka wa 1658, pamoja na ile risala ya Melampus. Sina haja ya kukawia hapa. Vitabu hivi vyafanana kama ndugu, na mwenye kusoma kimoja amevisoma vyote.

Penye neno ni pale bishara ilipogeuka kuwa ushahidi. Katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo Cymbeline doa hutumika mara mbili: mara ya kwanza mlaghai analitaja doa lililo kifuani pa mwanamke ili kumsadikisha mumewe kwamba amezini, nalo ni ushahidi wa uongo, mara ya pili doa lenye umbo la nyota shingoni linamtambulisha mwana wa mfalme aliyepotea, nalo ni ushahidi wa kweli. Watazamaji wa wakati ule walikuwa na sababu ya kulielewa jambo hilo, maana mahakama zao zilifanya vivyo hivyo. Katika karne ya 16 na ya 17, aliyeshitakiwa kwa uchawi alivuliwa nguo akatafutwa “alama ya shetani”. Doa lolote, chunjua yoyote, kinyama chochote kilichoota kiliweza kuwa ndicho. Huko Scotland walikuwako watu wa kazi hiyo, waliochoma madoa kwa sindano, na doa lisilouma au lisilotoa damu likamhukumu mwenyewe. Matthew Hopkins, aliyezunguka mashariki ya Uingereza kati ya mwaka wa 1645 na 1647, aliziandikia alama hizo utetezi akaupiga chapa. Kwa kuwa ni nadra kumpata mtu mzima asiye na doa hata moja mwilini, ushahidi huo haukuweza kukosekana kwa yeyote aliyetakiwa apatikane na hatia. Sheria ya Uingereza iliyouadhibu uchawi wenyewe ilifutwa mwaka wa 1736.

Jibu la swali la yule mama lilianza kutafutwa kutoka mahali pasipotarajiwa, nako ni kwenye vifo. Mwaka wa 1806 Mfaransa René Laennec alichapisha maelezo ya uvimbe mweusi aliouona ndani ya maiti, akaupa jina lililojengwa kwa neno la Kiyunani la weusi. Mwaka wa 1820 Mwingereza William Norris aliandika habari za mgonjwa mmoja ambaye uvimbe wa namna hiyo ulimwanzia penye doa tumboni; akaongeza jambo ambalo wenziwe hawakulitilia maanani, kwamba baba wa mgonjwa alikuwa amekufa kwa maradhi kama hayo, na kwamba watoto wake walikuwa na madoa mengi. Kuanzia hapo doa halikuwa bishara tena. Hadubini ikaletwa. Paul Gerson Unna wa Hamburg alidai mwaka wa 1893 kwamba chembe za madoa hushuka kutoka ngozi ya juu. Pierre Masson mwaka wa 1926 akadai kwamba asili yake ni katika neva. Baadaye majaribio, pamoja na yale ya Mary Rawles juu ya panya yaliyochapishwa mwaka wa 1947, yalionyesha kwamba chembe zinazotengeneza rangi hazizaliwi ngozini kamwe. Huanzia mgongoni mwa kiinitete, penye ukingo wa sehemu ile itakayokuwa uti wa mgongo na ubongo, kisha husafiri hadi ngozini. Masson, basi, hakuwa mbali na ukweli kama alivyodhaniwa.

Sehemu ya mwisho ya jibu imepatikana katika karne hii. Mwaka wa 2002 iligunduliwa kwamba saratani nyingi za chembe za rangi zina badiliko katika jeni iitwayo BRAF. Mwaka wa 2003 badiliko lile lile likaonekana katika madoa mengi ya kawaida yasiyo na madhara. Chembe moja hubadilika, hugawanyika mara nyingi, kisha husimama. Na kundi lililosimama ndilo doa. Mwaka wa 2013 lile doa jekundu lenye rangi ya zabibu, ambalo aghalabu huwa upande mmoja wa uso na ambalo si la chembe za rangi bali la mishipa midogo ya damu, likaonekana kuwa na badiliko katika jeni nyingine, GNAQ. Badiliko hilo hutokea katika chembe moja baada ya mimba kutungwa. Kwa hiyo baba na mama hawakulirithisha. Wala kutamani au kutazama au kuogopa hakukuwa na sehemu yoyote. Blondel amepata mrithi wa hoja yake baada ya miaka 286.

Na hapa mtaalamu wa lugha hana budi kusema neno. Madoa madogo meusi ya kawaida, yaani yale ya punje ya ufuta, kwa wingi wake hayapo siku ya kuzaliwa. Huchipuka utotoni na ujanani, na kwa watu wengine hata baadaye. Ni kama mtoto mmoja tu katika kila 100 azaliwaye nalo. Kuyaita yote “alama ya kuzaliwa” ni kosa. “Baka” na “waa”, maneno yetu ya zamani yasiyodai kujua asili, hayana kosa hilo. Nami nashangaa kuona watafsiri wa siku hizi wakiyakimbia, kana kwamba neno refu ndilo la kitaalamu zaidi.

Liko doa lingine ambalo kwa kweli ni la kuzaliwa, na jina lake katika vitabu vya tiba lina aibu. Daktari wa Kijerumani Erwin Bälz alifika Japani mwaka wa 1876, akafundisha Tokyo, na mwaka wa 1885 akaandika habari za doa la rangi ya buluu alilolikuta juu ya matako na kiuno cha watoto wachanga wa Kijapani. Akaliona kuwa ni dalili ya kizazi cha Wamongolia, na jina la “doa la Kimongolia” likaenea katika lugha za Ulaya. Lakini doa hilo liko pia kwa watoto wengi sana wa Kiafrika. Mkunga wa Lamu, wa Unguja au wa Tabora angaliweza kumwonyesha Bälz mfano wake kila wiki. Ila Bälz hakuwa Tabora, na mkunga hakuwa na jarida. Doa hilo hutokea pale ambapo baadhi ya zile chembe zisafirizo hukwama katika ngozi ya ndani kabla ya kufika juu. Rangi yake halisi ni nyeusi au ya kahawia. Mwanga unaopita katika unene wa ngozi ndio unaolifanya lionekane la buluu. Aghalabu hufifia katika miaka michache ya mwanzo.

Jambo hilo lingekuwa dogo kama si hili: kwa jicho la asiyelizoea, doa hilo lafanana na damu iliyovia kwa kupigwa. Wazazi Waafrika na Waasia wanaokaa Ulaya na Amerika ya Kaskazini wamepata kuhojiwa kwa sababu yake, na waganga wa huko sasa hufundishwa kuliandika katika cheti cha mtoto tangu siku za mwanzo. Katika hali kama hiyo mama Mswahili anahitaji neno. Akisema “ni alama”, mkalimani ataitafsiri kuwa alama tu, na alama yaweza kuwa ya fimbo. Akisema “doa la Kimongolia”, atakuwa amerudia kosa la Bälz kwa kinywa chake mwenyewe. Napendekeza “baka la nili”: baka, kwa sababu limetanda, nili, kwa sababu ndiyo rangi yake hasa, na neno lenyewe limekuwapo pwani tangu zamani za kutia nguo rangi.

Neno la pili tunalolihitaji ni la mguuni. Saratani ile ya Laennec na Norris huwapata watu weupe mara nyingi zaidi, hasa penye ngozi ichomwayo na jua. Kwa watu weusi ni ya nadra, lakini ikitokea huchagua mahali ambapo jua halihusiki: unyayo, kiganja, chini ya ukucha. Namna hiyo ilielezwa peke yake katika vitabu vya tiba mwaka wa 1976 tu. Mwaka uliofuata ilionekana chini ya ukucha wa kidole cha mguu cha mwimbaji Bob Marley, kidole ambacho kilidhaniwa kuwa kimeumia katika mpira. Alifariki mwaka wa 1981, naye ana umri wa miaka 36. Wagonjwa wa namna hii katika Afrika wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, na sababu ni nyingi: umbali, gharama, miguu inayotembea shambani bila ya viatu na kuumia kila siku. Sithubutu kusema kwamba lugha ni sababu kubwa. Lakini imo.

Tuitazame karatasi ya maswali ya daktari ikitafsiriwa kwa Kiswahili. “Je, una alama ya kuzaliwa iliyobadilika?” Mkulima mwenye umri wa miaka 60, ambaye doa la unyayoni lilimwota mwaka jana, atajibu kwa uaminifu kwamba hana, kwa maana hakuzaliwa nalo. “Je, una waa?” Huenda akaona ameulizwa habari za heshima yake. “Je, una doa mguuni?” Atautazama mguu upande wa juu. Swali lipasalo ni refu kidogo: unyayoni, kiganjani, au chini ya ukucha, pana baka jeusi ambalo halikuwapo zamani, au linalopanuka, au linalotoka damu, au kidonda kisichopona? Na anayeuliza auinue mguu wa mgonjwa, autazame mwenyewe.